Homa Isiyo na Jina

Je, msomaji mpenzi, unaikumbuka Julai ya mwaka 2022? Wakulima wetu wa Kusini walikuwa wakifikiri habari za bei ya ufuta. Mara habari nyingine ikatoka Mbekenyera, katika wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi. Watu wanaugua homa, vichwa vyawauma, mwili wawaishia nguvu, tena damu yawatoka puani. Kituo cha afya kikapokea mgonjwa mmoja, kisha wa pili, kisha wengine. Watatu wakafa.

Ni nani asiyeogopa asikiapo habari ya damu itokayo puani? Huyu husema Ebola, yule husema uchawi, na wa tatu hufunga mlango wake asimwone jirani. Ugonjwa usiojulikana huleta hofu mbili: hofu ya kufa, na hofu ya kutokujua kinachoua.

Waganga wa Serikali walichukua damu ya wagonjwa, ikapimwa. Ebola, hapana. Marburg, hapana. UVIKO-19, hapana. Siku zikapita, na homa haina jina. Hata tarehe 18 Julai, Waziri wa Afya wa wakati ule, Bi. Ummy Mwalimu, akatangaza huko Lindi kwamba ugonjwa umejulikana: ni leptospirosi, ambao kwa Kiswahili waitwa homa ya mgunda. Kufikia hapo watu 20 walikuwa wameugua, na 3 kati yao ndio hao waliokufa.

Sasa fikiri nami. Homa ya mgunda si ugonjwa mpya duniani, wala si ugonjwa usio na dawa. Huletwa na kijidudu kidogo sana kinachotoka katika mkojo wa panya na wanyama wengine. Mkojo huo huingia katika maji na matope, na kijidudu humwingia mtu kwa njia ya mchubuko, macho au kinywa. Dawa zake ni za kawaida, kama vile penisilini na doksisaiklini, nazo hufaa zaidi zikianzwa mapema. Basi dawa ipo tangu zamani. Lakini mganga hawezi kuchagua dawa ya ugonjwa asioujua jina lake.

Leo twataka kukueleza habari za kazi mpya, yaani kazi ya kutafuta majina ya magonjwa kwa msaada wa kompyuta. Vyuo vikuu vya nchi nyingi, na vya kwetu pia, hutafuta vijana wa kuifanya. Jina lake ni gumu kidogo kutamka: bayoinfomatiki. Usiogope, tutakwenda polepole. Mwishoni utaona kwamba kazi hii inakuhitaji hata wewe, ingawa pengine hujawahi kugusa kompyuta maisha yako yote.

KILA HOMA NI MALARIA?

Sisi watu wa pwani tumezoea. Mtoto akichemka mwili, twasema ni malaria. Mara nyingi ni kweli, maana Lindi ni mkoa wenye malaria nyingi. Lakini si kweli siku zote.

Mwaka 2007 na 2008 wataalamu waliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa hospitali huko Moshi kwa sababu ya homa. Wagonjwa 528 walikuwa wameambiwa wana malaria. Vipimo vya uhakika vilipofanywa, wenye homa ya malaria kweli walikuwa 14 tu. Wengine walikuwa na magonjwa mengine, na homa ya mgunda ilikuwamo. Moshi si Kilwa. Kule malaria ni chache, na kwetu hesabu haiwezi kuwa ile ile. Lakini fundisho ni moja: homa nyingi hufanana usoni kama mapacha, na mganga mwenye macho yake tu aweza kukosea.

Sisi wenyewe wa Kusini twalijua jambo hili tangu zamani. Mwaka 1952 homa yenye maumivu makali ya viungo iliwashika watu wa uwanda wa Makonde, jirani zetu. Wenyeji hawakuiita malaria. Waliipa jina kwa lugha yao, chikungunya, yaani kitu kimkunjacho mtu, maana mgonjwa alijikunja kwa maumivu. Damu ya wagonjwa iliyochukuliwa mwaka 1953 ndimo kilimopatikana kirusi chake. Leo neno hilo la Kimakonde limeandikwa katika vitabu vya uganga vya dunia nzima. Umeona? Watu wa vijijini ndio waliokuwa wa kwanza kusema, “Homa hii si ile tuliyoizoea.” Wenye maabara walikuja baadaye.

KITABU CHENYE HERUFI NNE

Twende mbele kidogo. Kila kiumbe chenye uhai, awe mtu au panya, uwe mkorosho au kijidudu, kina maandishi ndani yake yanayoagiza jinsi kitakavyokuwa. Maandishi hayo wataalamu huyaita vinasaba. Herufi zake ni nne tu, lakini zimepangwa kwa urefu wa ajabu. Kirusi cha UVIKO-19 kina herufi karibu 30,000. Kijidudu cha homa ya mgunda kina kama milioni 4 au 5. Kile cha malaria kali kina kama milioni 23. Na mwanadamu ana kama milioni 3,000.

Herufi moja tu yaweza kuleta msiba. Ugonjwa wa selimundu, ambao hutesa watoto wengi nchini kwetu, watokana na herufi moja iliyobadilika katika maandishi ya damu. Mtoto akiirithi kwa baba na kwa mama pia, chembe zake za damu hujipinda kama mundu, na maumivu humwandama.

Ni nani awezaye kusoma kitabu cha herufi milioni 3,000? Kama mtu angesoma herufi moja kila sekunde, usiku na mchana, pasipo kulala wala kula, angemaliza baada ya miaka zaidi ya 90. Ndiyo sababu kompyuta ikahitajika. Mashine husoma herufi, kompyuta huzipanga na kuzilinganisha, naye mtaalamu huuliza swali na kupima jibu kama lina ukweli. Hiyo ndiyo bayoinfomatiki: nusu ni elimu ya viumbe, nusu ni hesabu.

Utasema, “Hayo ni mambo ya Ulaya.” La, yamekwisha kufika Kilwa. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza habari ya vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani ya Waswahili. Baadhi ya mifupa ilitoka Kilwa, Songo Mnara na Lindi. Walipoyasoma maandishi yale, waliona kwamba wengi wa watu hao walikuwa na asili ya Kiafrika, hasa upande wa kikeni, na pia asili ya Asia, hasa ya Uajemi, upande wa kiumeni. Wakahesabu kwamba kuchanganyika huko kulianza kama mwaka 1000. Wazee wa Kilwa walikuwa wakisimulia habari za Washirazi tangu kale. Sasa na mifupa imetoa ushahidi wake.

Ikiwa mifupa iliyolala mchangani miaka mia kadhaa yaweza kusomwa, basi na tone la damu la mgonjwa wa leo laweza kusomwa vile vile.

MASHINE HUJIFUNZA NAMNA GANI?

Kuna sehemu ya pili ya kazi hii, nayo ni kuifundisha mashine. Usishangae. Fikiri jinsi mtoto wa mvuvi anavyofundishwa kumtambua bunju, samaki mwenye sumu. Baba yake hamwandikii kanuni daftarini. Humwonyesha samaki siku baada ya siku: huyu changu, huyu tasi, huyu kibua, huyu bunju, usimguse. Baada ya kuona wengi, mtoto humtambua bunju hata asiyepata kumwona, maana amekwisha kushika sura yake.

Kompyuta hufundishwa vivyo hivyo. Huonyeshwa mifano mamia au maelfu, na kila mfano una jibu lake: damu hii ina malaria, damu hii haina. Polepole hushika alama ambazo jicho la mtu halizioni. Kisha hupewa damu isiyopata kuiona, nayo hujibu.

Jambo hili limefanywa katika nchi yetu wenyewe. Wengi mmesikia habari za Ifakara, mahali ambapo miaka ya 1950 wataalamu wa Kiswisi kutoka Basel walijenga maabara, jirani na hospitali ya misheni ya Mtakatifu Fransisko. Mbegu ile imekuwa mti mkubwa, yaani Taasisi ya Afya Ifakara. Mwaka 2019 watafiti wake na wenzao walieleza jinsi walivyochukua matone ya damu yaliyokaushwa juu ya karatasi, ya watu 296 wa kusini-mashariki mwa Tanzania. Waliyamulika kwa mwanga usioonekana kwa macho, wakaifundisha kompyuta kutambua matone yenye malaria. Majibu yake yalikuwa sawa kama mara 92 katika 100. Huo ulikuwa utafiti, si kipimo cha kuletwa zahanati kesho yake. Lakini fikiri faida yake: karatasi kavu haihitaji barafu, nayo husafiri ndani ya bahasha.

Tena kuna jaribio lililofanywa katika mikoa ya Mbeya na Morogoro, kwenye zahanati na vituo vya afya 40. Katika baadhi ya vituo waganga walipewa kompyuta ndogo ya mkononi yenye kuwaongoza hatua kwa hatua wamwulize nini mama wa mtoto, wapime nini, watoe dawa gani. Chombo hicho hakikujifunza chenyewe. Wataalamu ndio waliokipa kanuni zake. Baadaye matokeo yakatangazwa. Katika vituo vya kawaida, watoto 70 katika kila 100 walipewa antibayotiki. Katika vituo vyenye chombo kile, ni 23 tu katika 100, na watoto wakapona sawasawa na wenzao. Hilo si jambo dogo, maana antibayotiki zitolewazo ovyo huwazoesha vijidudu, na siku ya haja ya kweli dawa haitafanya kazi.

MASHINE NAYO HUKOSEA

Hata hivyo, usidanganyike kwamba mashine ni mtabiri. Yajua yale tu iliyoonyeshwa. Mtoto wa mvuvi asiyepata kuonyeshwa bunju atamweka chunguni pamoja na changu, na nyumba nzima italia.

Mifano ipo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali kompyuta zitumike kusoma picha za eksirei ili kutafuta dalili za kifua kikuu. Lakini lilisema ni kwa watu wa miaka 15 na zaidi, si kwa watoto wadogo. Kwa nini? Kifua cha mtoto si kifua cha mtu mzima, na ushahidi kuhusu watoto haukutosha.

Tena angalia homa ya mgunda yenyewe. Vijidudu vyake ni vya aina nyingi, na kila nchi ina vya kwake. Kipimo chake kikubwa cha maabara hutumia vijidudu vilivyo hai, na aina za mahali pale zisipokuwamo, mgonjwa aweza kuambiwa hana kitu, kumbe anacho. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, ambao wamechunguza panya na homa hii kwa miaka mingi, walipata aina moja huko huko Morogoro, nayo ikapewa jina la Sokoine. Kama wasingeitafuta hapa nchini, isingejulikana popote.

Basi swali ni hili: ni nani atakayeifundisha mashine homa za Kilwa, za Lindi, za Ruangwa? Mtu wa mbali aweza kuwa na mashine nzuri, lakini hana mifano yetu, wala hajui kwamba mpunga wetu hulimwa katika maji, wala kwamba panya hukaa ghalani pamoja na mahindi. Twahitaji watu wetu wenyewe.

KAZI YENYEWE NI IPI?

Tuseme chuo kikuu kimetangaza nafasi ya mtafiti wa kazi hii. Huyo atafanya nini asubuhi hata jioni? Hatavaa koti jeupe kila siku, wala hatachoma sindano. Atakaa mbele ya kompyuta, apokee maandishi ya vijidudu kutoka maabara, ayasafishe, maana husomwa kwa makosa mengi, kisha ayalinganishe na yale yanayojulikana. Ataandika maagizo ambayo kompyuta itayafuata. Ataijaribu mashine kwa damu isiyopata kuiona, na ikikosea atatafuta sababu. Atazungumza na waganga, na ataandika yale aliyoyaona ili wengine wayapime. Kazi hiyo yataka subira na uaminifu. Mtafiti anayeficha makosa ya mashine yake aweza kumwua mtu asiyepata kumwona.

Tuseme kweli pia juu ya upande mgumu. Nafasi hizi mara nyingi si za maisha. Hutolewa kwa miaka michache, kwa kadiri ya fedha za utafiti, kisha mtu hutafuta nyingine. Na safari ya kuifikia ni ndefu: sekondari, kidato cha sita, digrii ya kwanza, ya pili, na mara nyingi ya tatu.

Lakini njia ipo wazi. Chuo Kikuu cha Muhimbili, Dar es Salaam, kina watafiti wanaojulikana mbali. Huko, tangu mwaka 2004, Profesa Julie Makani na wenzake wamewafuatilia maelfu ya wagonjwa wa selimundu. Na kuanzia mwaka 2012 vyuo vingi vya Afrika viliungana kufundishana bayoinfomatiki, wakiongozwa na Profesa Nicola Mulder wa Cape Town, na Muhimbili ilikuwamo. Vijana waliojifunza hivyo hawakuzaliwa na kompyuta mikononi.

Kwa hiyo, baba, mama, sikieni. Mlango wa kazi hii ni hesabu na elimu ya viumbe, nao hufunguliwa mapema, kabla ya kidato cha nne. Ada ya shule za sekondari za Serikali ilifutwa mwaka 2016 hata kidato cha nne, na mwaka 2022 kwa kidato cha tano na cha sita. Gharama nyingine zingaliko, twajua. Lakini msimu wa korosho usimtoe mtoto darasani. Wala msimwambie binti kwamba hesabu ni za wavulana. Akiwa ana akili ya kuhesabu magunia ya ufuta na kumshika mnunuzi anayepunja, basi ana akili ya kazi hii.

NA WEWE WAFANYA NINI?

Tuliahidi kukueleza jinsi kazi hii inavyokuhitaji. Mashine yajifunza kwa mifano, na mifano yatoka kwenu. Basi shika mambo haya.

Kwanza, mgonjwa wa homa apelekwe mapema zahanati au hospitali, iwe Nyangao, Kinyonga au Mnero, akapimwe. Msinunue dawa dukani kwa kubahatisha. Kipimo cha malaria kikionyesha hakuna, usitoke na furaha tu. Uliza, “Basi ni nini?”

Pili, mwambie mganga ukweli wote. Homa ilianza lini? Ulikuwa ukilima mpunga? Uliingia katika maji ya mafuriko? Panya ni wengi nyumbani? Mnyama amekufa ghafula? Jambo moja ulilolidharau laweza kuwa ndilo linaloonyesha njia.

Tatu, mkiona watu wawili au watatu wa kijiji kimoja wanaugua kwa namna isiyo ya kawaida, msikae kunong'ona. Mpasheni habari mhudumu wa afya wa kijiji au mtendaji siku ile ile. Na jirani aliye mgonjwa msimwite mchawi wala aliyelaaniwa.

Nne, watafiti wakija kuomba damu, wapokeeni kwa heshima, lakini ulizeni. Wana kibali? Damu itakwenda wapi? Jina langu litafichwa? Nikikataa, nitatibiwa vile vile? Kila utafiti juu ya watu lazima uwe na kibali, na mtu ana haki ya kukubali au kukataa. Damu ya mtu si mali ya kuokota. Mtafiti mwema hachukizwi na maswali hayo.

Tano, jikinge. Vaa viatu vya mpira unapoingia katika matope, funika kidonda, funika maji na chakula, tega panya. Hayo hayahitaji kompyuta.

Msomaji mpenzi, wale watatu waliokufa Ruangwa walikuwa na majina, na nyumba zao zingali zawakumbuka. Homa iliyowaua ilikuwa haijajulikana jina lake bado. Huenda yupo mtoto wa Kilwa Masoko au wa Mbekenyera ambaye usiku huu anafanya hesabu zake kwa mwanga wa taa ndogo, na ambaye siku moja atafupisha siku zile za kungoja. Mwongezee mafuta ya taa, na umwache amalize hesabu zake.